Presha imeshuka, sukari imepanda: Piriton inafanya nini mtu anapoangushwa na nyuki?

Mzee aliletwa na bodaboda, amewekwa katikati, kijana wake amemkumbatia kwa nyuma asidondoke. Nyuki walikuwa wamefanya makao chini ya mtumbwi mbovu uliolazwa kifudifudi mchangani, pale mwaloni, na yeye alikwenda kuugeuza ili autie viraka. Haikuwa imepita nusu saa. Midomo imevimba, kifua kimejaa mabaka, sauti imekauka, na njiani alikuwa ameshatapika. Nilipomfunga mkanda wa presha, mashine ilisoma 70 kwa 40. Wakati navuta adrenalini kwenye bomba la sindano, mwenzangu alimtoboa kidole kupima sukari: 13.4.

"Nesi, huyu hana sukari," mkewe akasema. "Hajawahi kuwa na sukari."

Kijana naye akaeleza walichofanya nyumbani. Walisaga piriton mbili kwenye maji wakamnywesha, kisha soda, kwa sababu walimwona analegea wakajua sukari imeshuka. Vyote vilirudi njiani.

Kila mmoja pale alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Presha ilikuwa chini kweli, sukari ilikuwa juu kweli, na Piriton ni dawa ya aleji kweli. Uliokosekana ni uzi wa kuviunganisha vipande hivyo. Nimefanya kazi kwenye zahanati za ukanda huu wa ziwa, Sengerema na Buchosa, muda wa kutosha kujua kwamba uzi huo hauwakosi wanakijiji peke yao. Nimeuona ukitukosa hata sisi wenye sare nyeupe.

Neno lenyewe linatuchanganya. Kwa Kiswahili chetu mtu "hupata mshtuko" akisikia habari ya msiba, na fundi akigusa waya "hupigwa shoti". Daktari anaposema mgonjwa yuko kwenye mshtuko hazungumzii hofu wala umeme. Anasema damu haizifikii nyama za mwili kwa kiasi zinachohitaji, kwa hiyo ubongo unakosa hewa, figo zinaacha kutengeneza mkojo, vidole vinakuwa baridi. Mama aliyejifungua akavuja damu nyingi anaweza kufika huko. Anayehara kipindupindu pia, na mwenye vijidudu vilivyoenea kwenye damu, na mwenye moyo ulioshindwa kusukuma. Na mtu anaweza kufika huko kwa mzio mkali, unaoitwa anafilaksia. Huo wa mwisho ndio ninaouandikia, kwa sababu ndio unaofanya mkono wa ndugu uende moja kwa moja kwenye pakiti ya piriton.

Vivyo hivyo na maneno mengine mawili. Tukisema mtu "ana presha" tunamaanisha iko juu. Tukisema "ana sukari" tunamaanisha ana ugonjwa wa kisukari. Kwa hiyo mashine ikisoma 13.4 familia inasikia jina la ugonjwa wa kufa nao, wakati mashine imetoa namba ya dakika ile tu.

Ukipita kwenye bustani za mboga kandokando ya ziwa utaona pampu ya petroli imetumbukiza mdomo majini, bomba refu likipeleka maji kwenye nyanya na mchicha. Ili maji yafike mwisho wa shamba kwa nguvu, pampu lazima isukume, bomba lisiwe pana kuliko uwezo wa pampu, na maji yasivujie njiani. Presha ya damu ni makubaliano ya hayo matatu: moyo, upana wa mishipa, na wingi wa damu iliyomo.

Sasa sumu ya nyuki inaingia kwa mtu ambaye mwili wake ulishaiwekea alama siku za nyuma. Kingamwili za aina ya IgE, zilizokaa tayari juu ya seli zinazoitwa seli za masti, zinaitambua, na seli hizo zinamwaga akiba yake yote kwa mkupuo. Katika vinavyomwagika, maarufu zaidi ni histamini. Histamini inalegeza kuta za mishipa midogo, na bomba linapanuka. Inaachanisha seli zilizoshikana kwenye kuta hizo, na bomba linaanza kuvuja. Kwenye anafilaksia kali hadi asilimia 35 ya ujazo uliomo ndani ya mishipa inaweza kutoka na kuingia kwenye nyama ndani ya dakika 10. Kwa mtu mzima hiyo ni zaidi ya lita moja, na hakuna hata tone linaloonekana sakafuni. Ndiyo midomo iliyovimba, ndiyo macho yaliyofumba. Pampu inabaki ikinguruma kwa kasi, mapigo 130 kwa dakika, lakini kinachorudi kwenye moyo ni kidogo mno.

Hapo ndipo ile safari ya bodaboda ilipokuwa na hatari ambayo familia haikuijua. Mtu wa aina hii akikalishwa wima, damu kidogo iliyobaki inashukia miguuni, na moyo unaweza kukosa kabisa cha kusukuma. Daktari Richard Pumphrey wa Uingereza, aliyefuatilia vifo vya anafilaksia nchini mwake kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2003 juu ya watu waliokufa mara tu baada ya kuinuliwa au kukalishwa. Alazwe chali, miguu juu ya ndoo au gunia. Kama kinachomtesa zaidi ni pumzi, akae lakini miguu inyooshwe mbele. Kama anatapika, alale ubavu. Najua bodaboda mara nyingi ndiyo gari pekee lililopo. Basi kwanza alale, na mtu mwingine akaite msaada au akatafute gari la kulala, hata pikapu ya dagaa.

Turudi kwenye sukari. Mwili ukiona presha inaporomoka haungoji nesi. Juu ya kila figo kuna tezi ya adrenali, na tezi hizo zinafyatua adrenalini. Histamini yenyewe huzichokoza: katikati ya karne iliyopita madaktari walikuwa wakimchoma mgonjwa histamini kidogo kwa makusudi ili kufichua uvimbe wa adrenali unaomwaga adrenalini kwa siri, mpaka njia hiyo ikaachwa kwa sababu ya hatari zake. Adrenalini inabana mishipa, inauongezea moyo nguvu, inafungua njia za hewa. Wakati huohuo inaliamuru ini livunje akiba yake ya wanga, glaikojeni, na kuimwaga kwenye damu kama sukari. Inaiambia kongosho ipunguze insulini. Homoni nyingine, glukagoni na kotisoli, zinaingia kuongeza nguvu upande huohuo. Mantiki yake ni ya kale kuliko hospitali: kiumbe aliyejeruhiwa anahitaji kuni za kukimbia nazo au za kupigania. Mfaransa Claude Bernard alishaona katika miaka ya 1870 kwamba mnyama anayetokwa damu nyingi sukari yake hupanda.

Kwa hiyo 70 na 13.4 hazikuwa habari za magonjwa mawili. Mwili mmoja ulikuwa unapigana, na namba ya kwanza inaonyesha unakoshindwa, ya pili inaonyesha silaha uliyoitoa. Nikiona presha iko chini na sukari imepanda kwa mtu aliyevimba midomo, sitafuti dawa ya kushusha sukari. Natafuta kuongeza kilekile ambacho adrenali zimeshaanza kukitoa.

Sisemi kwamba sukari haiwezi kuwa chini. Mvuvi mwenye kisukari aliyejichoma insulini jioni au kumeza glibenklamaidi, akakesha ziwani na karabai bila kula, anaweza kuumwa na nyuki asubuhi akiwa na sukari 2. Mtoto mwenye malaria kali ni hivyohivyo, na kwake sukari chini ya 2.2 ni mojawapo ya alama za ukali wa malaria. Ndiyo sababu tone la damu kidoleni ni lazima kila mara mtu anapolegea, na halichukui hata dakika. Ila soda kabla ya kipimo, kwa mtu ambaye koo linavimba na fahamu zinafifia, inaweza kuishia kwenye mapafu.

Antihistamini ni kundi la dawa: klorofenamini ambayo wote tunaiita piriton, prometazini, setirizini, loratadini na nyinginezo. Namna zinavyofanya kazi ni kama viti vya daladala. Histamini ili ifanye kazi yake lazima ikae kwenye kiti, kipokezi kilicho juu ya seli. Antihistamini inawahi kiti na kukikalia. Abiria anabaki nje akigonga vioo, lakini gari haliondoki na yeye.

Mfano huohuo unaonyesha mipaka yake. Kwanza, hizi tunazozijua zinakalia aina moja tu ya viti, inayoitwa H1. Mishipa ya damu ina pia viti vya H2, na histamini ikikaa hapo mishipa bado inalegea. Wanasayansi wamekwisha tambua aina nne. Pili, histamini haikupanda gari peke yake. Seli za masti humwaga pia lukotrini, ambazo zinabana njia za hewa kwa nguvu kubwa kuliko histamini, na kemikali nyingine za kulegeza mishipa na kuivujisha zenye viti vyao wenyewe. Antihistamini haina habari nazo. Tatu, lililo zito kuliko yote, kukalia kiti hakuzibi tundu lililokwisha kutoboka. Haibani mshipa uliolegea, hairudishi maji yaliyovuja, haisukumi moyo. Haina mkono wa kupandisha presha.

Halafu kuna saa. Kidonge cha piriton huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi, na hufika kilele baada ya saa mbili au zaidi. Huyohuyo Pumphrey, mwaka 2000, alihesabu muda kati ya chanzo cha mzio na moyo au pumzi kusimama kwa waliokufa. Kwa waliochomwa dawa hospitalini, nusu yao walifika hapo ndani ya dakika 5. Kwa walioumwa na wadudu, dakika 15. Kwa chakula, dakika 30. Weka dakika 15 kando ya nusu saa ya kidonge. Weka pia kando ya barabara zetu. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limetuondolea foleni ya kivuko, na nashukuru kila ninapolipita na mgonjwa. Lakini hakuna daraja litakalomtoa mtu Nyakaliro mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa dakika 15. Aliyeko Ukara au Maisome, mwenye maji pande zote, msaada wake wa kwanza lazima uwe palepale kisiwani.

Msaada huo ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Mtu mzima miligramu 0.5, yaani nusu ya ampuli ya kawaida yenye miligramu 1 ndani ya mililita 1. Mtoto miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, bila kuvuka 0.5. Presha au pumzi isiporudi, inarudiwa baada ya dakika 5. Kwa nini paja? Estelle Simons na wenzake wa Kanada walipima watoto mwaka 1998: ikichomwa kwenye msuli wa paja, adrenalini ilifika kilele kwenye damu kwa wastani wa dakika 8, ikichomwa chini ya ngozi ya mkono, dakika 34. Pamoja nayo, dripu ya maji ya chumvi iende kasi kurudisha kilichovuja, na oksijeni kama ipo.

Familia huniuliza, na swali ni la haki: si mmesema sukari imepandishwa na adrenalini, mbona mnamwongezea? Ndiyo, sindano inaweza kuipandisha zaidi kidogo, kwa muda mfupi. Sukari ya 15 au 18 kwa saa chache haimuui mtu. Presha ya 70 inamuua.

Mwaka 2021 Resuscitation Council UK, baraza la Uingereza linalotoa miongozo ya kuokoa maisha, liliziondoa antihistamini kabisa kwenye matibabu ya mwanzo ya anafilaksia. Zimebakiwa na kazi ya kupunguza muwasho na mabaka, baada ya presha na pumzi kutulia. Naunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu nimeona jinsi piriton inavyomtuliza mtoaji huduma kuliko inavyomtuliza mgonjwa. Mabaka yanafifia, kila mtu anapumua, kumbe chini ya ngozi iliyotulia presha bado inashuka.

Wazo la kutibu mshtuko kwa antihistamini halikuwa la wajinga. Lilitoka kwa watu wenye akili kubwa. Mwaka 1902 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walitangaza jambo lililopingana na kila walichotarajia: mbwa waliyempa kidogo sumu ya kiumbe wa baharini akapona, walipompa tena baada ya wiki chache alikufa ndani ya dakika 25, badala ya kuwa na kinga. Wakauita ukinzani huo anafilaksia. Mwaka 1910 Henry Dale na Patrick Laidlaw, London, walionyesha kwamba histamini peke yake ikichomwa kwa mnyama inaporomosha presha na kubana pumzi, picha inayofanana mno na ya mbwa wa Richet. Mwaka 1937 Daniel Bovet na Anne-Marie Staub, Paris, wakapata kemikali ya kwanza ya kuizuia. Nani asingeamini kwamba dawa ya mshtuko imepatikana?

Aliyeamini kwa vitendo alikuwa Henri Laborit, daktari mpasuaji wa jeshi la maji la Ufaransa aliyekuwa Bizerte, Tunisia, mwishoni mwa miaka ya 1940. Presha ya wagonjwa wake ilikuwa ikianguka wakati wa upasuaji, naye akajaribu prometazini. Alichokiona ni utulivu wa ajabu: wagonjwa walikuwa macho lakini hawana wasiwasi. Utulivu huo ndio uliowapeleka watafiti kutengeneza klorpromazini mwaka 1950, na kuanzia 1952 dawa hiyo ikabadilisha matibabu ya magonjwa ya akili duniani. Mshtuko wenyewe ulibaki bila kutibika kwa njia hiyo.

Kwetu ushahidi ulio karibu zaidi na maisha ni wa nyoka. Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka hutengenezwa kwa damu ya wanyama, mara nyingi farasi, na yenyewe inaweza kuleta anafilaksia. Ilikuwa desturi, na katika baadhi ya vituo bado ni desturi, kumchoma mgonjwa prometazini kwanza "kama kinga". Brazili waliipima mwaka 1999 kwa watu 101: waliopewa prometazini, 12 kati ya 49 walipata mzio, waliopewa dawa tupu isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia, 13 kati ya 52. Sawa kwa sawa. Sri Lanka wakapima kwa watu 1,007, matokeo yakatoka mwaka 2011: adrenalini ya dozi ndogo ilipunguza mizio mikali kwa asilimia 43 katika saa ya kwanza, wakati prometazini na haidrokotisoni, dawa ya jamii ya steroidi, hazikupunguza. Siku hizi nikiona nesi mwenzangu anavuta prometazini kabla ya dawa ya nyoka, namwomba aweke adrenalini mezani badala yake, ampuli imeshatolewa kwenye boksi.

Je, antihistamini yenyewe inaweza kugusa presha na sukari? Inaweza, ingawa si kwa njia watu wanayoidhani.

Kwa presha, ya kuogopwa zaidi ni ya sindano. Klorofenamini au prometazini ikisukumwa haraka kwenye mshipa inaweza kushusha presha, na kwa mtu aliye kwenye mshtuko hiyo ni kumsukuma aliyekwisha teleza. Prometazini ina sababu ya ziada: inakalia pia viti vya alfa, vilevile ambavyo adrenalini huvitumia kubana mishipa. Mtu aliyekunywa prometazini kupita kiasi, presha ikamshuka kwa sababu hiyo, adrenalini inaweza hata kuishusha zaidi. Naliandika hilo kwa uangalifu, maana sitaki mtu alichukue vibaya: ni habari ya sumu ya dawa. Aliyeumwa na nyuki, hata kama amemeza kidonge kimoja, dawa yake ya kwanza ni adrenalini.

Upande wa pili ni presha kupanda. Setirizini au piriton peke yake, kwa dozi ya kawaida, haimpandishii mtu presha. Kinachopandisha ni mwenzake ndani ya kidonge. Dawa nyingi za mafua kwenye maduka ya dawa muhimu huchanganya antihistamini na sudoefedrini au fenilefrini, na hizo mbili hubana mishipa ya pua pamoja na ya mwili mzima. Mwenye presha aulizie kilichomo ndani ya kidonge kabla ya kuuliza bei.

Kwa sukari, setirizini na loratadini kwa siku chache hazina la kumtisha mwenye kisukari. Baadhi ya dawa za maji zina sukari nyingi kwenye chupa yenyewe, hilo ni la kusoma kwenye lebo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta watu wazima wanaotumia antihistamini za kuandikiwa na daktari wana uzito mkubwa zaidi na insulini ya juu zaidi kuliko wasiotumia. Kukutana pamoja si kusababishana, lakini si jambo la kushangaza: histamini ndani ya ubongo hupunguza hamu ya kula, na ukiizuia njaa inaongezeka. Linaloniuma ni siproheptadini. Ni antihistamini ya zamani, na wasichana wetu mjini wanaimeza kwa miezi ili wanenepe, wakiuziwa kama vitamini. Maabara imeonyesha kwamba kwa panya dawa hiyo huharibu uwezo wa kongosho kutengeneza insulini. Binadamu si panya, lakini unene wa haraka peke yake unatosha kumsogeza mtu kwenye kisukari.

Kuna pia kuficha. Antihistamini za zamani zinaleta usingizi na zinakausha jasho. Sukari ikishuka, mtu hutoka jasho na kuchanganyikiwa. Aliyemeza prometazini anaweza asitoke jasho vizuri, na nduguze wakasema "dawa imemlaza, mwacheni". Kwa mtoto ni mbaya zaidi: prometazini haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumzimia pumzi, na mtoto wa malaria aliyelazwa na prometazini hutajua kama amelala au sukari imekwisha.

Wenye presha ya kupanda wanaotumia propranololi au atenololi wana shida yao. Dawa hizo zinakalia viti vya beta, kwa hiyo adrenalini, ya mwilini na ya sindano, inagonga mlango bila kufunguliwa. Mapigo yanaweza hata yasiende mbio, na mtu akadhani hakuna hatari. Kwa hao hospitali kubwa hutumia glukagoni, ileile homoni ya kupandisha sukari, kwa sababu inaufikia moyo kwa mlango mwingine. Ndiyo maana napenda ndugu aje na pakiti za dawa zote za mgonjwa, hata kama zimo kwenye kimfuko cha nailoni bila majina.

Nisiionee antihistamini. Kuna ugonjwa mmoja ambao inang'ara. Jodari na vibua wa baharini wakikaa juani bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mlaji anawaka uso, kichwa kinagonga, tumbo linasokota, anadhani ana aleji ya samaki. Kumbe seli zake za masti hazijafyatua kitu. Amekula histamini iliyokwisha kuwa tayari. Hapo hakuna lukotrini, hakuna abiria wengine. Kidonge cha antihistamini kinamtosha mara nyingi, na kesho anaweza kula jodari mwingine aliyehifadhiwa vizuri kwenye barafu.

Yule mzee alihitaji sindano mbili za adrenalini. Presha ilifika 100 baada ya dripu ya pili. Muwasho ulipobaki peke yake nikampa setirizini, na haidrokotisoni aliyopewa hospitali ya wilaya ilimfanya asubuhi yake asome 9.6, kwa sababu dawa za jamii hiyo hupandisha sukari kwa siku nzima au zaidi. Alilala huko usiku kucha, maana mzio wa namna hii unaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila nyuki mwingine.

Wodini mtu mmoja alikuwa ameshamwambia aanze kununua dawa za kisukari. Mkewe alinipigia akilia. Nilimwambia namba ya siku ya mshtuko haimpi mtu jina la ugonjwa. Arudi baada ya wiki mbili, asubuhi, kabla ya chai, na ikiwezekana apimwe pia kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Alikuja siku ya gulio, na mkewe akiwa amebeba sato wawili kwenye ndoo. Sukari ilikuwa 5.1. Presha ilikuwa 138 kwa 86, na hiyo ndiyo tuliyokaa tukaizungumza.